Alama ya Kofia

Picha yenyewe ilikuwa ndogo. Ukiilaza kiganjani, vidole vyote vinabaki nje. Upana wake ulikuwa wa vidole viwili, na ilichorwa kwa rangi ya maji juu ya kipande cha pembe ya ndovu kilichobanduliwa kwenye kinanda kibovu. Aliyechorwa alikuwa ofisa wa jeshi la majini katika sare nyeupe. Ofisa huyo ni baba yangu. Aliyemchora ni binti yake mwingine.

Niseme mapema tulivyohusiana, kwa sababu kila kitu kinaanzia hapo. Baba alitumikia jeshi la majini la Zaire huko Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Mama yangu alifunga naye ndoa kanisani, akamzalia mimi peke yangu. Mama wa huyo binti mwingine, mdogo wangu, alikuwa mwanamke wa nje, "bureau ya pili" kama tulivyowaita wanawake wa namna hiyo, na nyumba yake ilikuwa upande mwingine wa mji, karibu na reli. Tangu nipate akili, baba alilala kule. Kwetu alikuja Jumapili. Mama alimwekea kiti barazani, naye akakaa na sare yake, kofia kichwani kwa ajili ya jua, akanywa maji, akauliza matokeo yangu ya shule, akasema "Très bien", vizuri sana, au akanyamaza, kisha akaondoka. Ndani hakuingia. Kanisani hakwenda, mama alikwenda kwa niaba yetu sote watatu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nyumba yetu ndiyo iliyoshinda. Sisi tulikuwa na pete na jina. "Wale wana siku zingine," mama alikuwa akisema huku akirudisha kiti ndani, "sisi tuna Jumapili." Alisema hivyo kama mtu anayetaja sehemu iliyonona ya nyama.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulijikuta sote wawili Brussels. Mimi nilitoka Lubumbashi, ambako niliandika habari za redio. Huku nilisafisha ofisi karibu na Schuman kabla wenye ofisi hawajafika, na mchana niliandika makala za jarida la parokia yetu. Mdogo wangu alitunza wazee katika nyumba ya wazee kule Forest. Siku aliyoniona kwa mara ya kwanza kwenye barabara ya chaussée de Wavre, mbele ya duka la vitenge, watu wakipita na mifuko yao ya pondu, yale majani ya muhogo, na samaki mkavu, alikunja magoti kidogo na kunipa mkono kwa mikono miwili.

"Yaya," akasema.

Yaya ni dada mkubwa. Hakuna aliyemlazimisha kuniita hivyo. Mama yangu na mama yake hawakuwahi kusalimiana. Lakini aliniita hivyo siku ile na kila siku baadaye, na mimi nikaitikia kwa ubaridi wa mtu anayepokea haki yake. Alikuwa na macho ya baba. Nililiona hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote, nikaingia dukani kununua kitenge ambacho sikukihitaji.

Mtu anayekuheshimu hakupi nafasi ya kumchukia kwa raha. Alinitembelea nilipougua mafua. Alinisukia nywele. Kila alichofanya nilikipima, nikitafuta mahali atakapojisahau na kuonyesha kiburi cha wale waliolala nyumba moja na baba. Sikupapata.

Jumamosi alikuwa akienda shule ya sanaa ya komini, yaani ya manispaa, ambako watu wazima hujifunza kuchora na kufinyanga. Nilidhani anakwenda kutafuta joto wakati wa baridi. Kumbe alikuwa akijifunza kazi ya picha ndogo, zile ambazo Wazungu wa zamani walivaa shingoni au kuziweka mfukoni kabla ya kamera. Alinieleza Jumapili moja kwake, huku akinimenyea karanga.

"Prof alituletea ofisa moja wa bahari, wa zamani sana. Mashavu mekundu kama tomate. Sisi wote tunakopi ule muntu."

"Na wewe pia?"

"Mimi nilimwambia prof: niko na ofisa yangu mwenyewe."

Alinionyesha kipande cha pembe. Mwalimu wake aliwapa wanafunzi vipande vya vinanda vilivyovunjwa. Alikiinua dirishani na mwanga ukapita ndani yake kama unavyopita kwenye sikio la mtoto. Akanieleza siri ya kazi ile. Kwenye mashavu ya ofisa wa Kizungu, wanafunzi wenzake hawapaki rangi nyingi; wanaiacha pembe ionekane, na ngozi inang'aa yenyewe.

"Kwa ule Muzungu, pembe njo ngozi," akasema; "njo" yetu ni "ndiyo". "Kwa papa, pembe njo sare. Nguo yake siigusi. Ngozi nitaijenga mimi mwenyewe, nukta kwa nukta."

Nilifungua mkoba wangu. Nilikuwa na picha moja tu ya baba, ya kamera, nyeusi na nyeupe: amesimama bandarini katika sare, kofia kichwani, meli ya kijivu nyuma yake. Nilitembea nayo kila mahali, ndani ya bahasha, katikati ya pasipoti. Niliiweka mezani kama mtu anayeweka karata ya mwisho. Nilitaka aiombe. Nilikuwa nimeshaandaa namna ya kumkatalia.

Aliiangalia kwa muda mrefu, akaiondoa karanga moja iliyoidondokea, akanirudishia.

"Asante, yaya. Lakini hii haitanisaidia. Uso hauonekane. Kivuli ya kofia imekula macho."

"Sasa utamchora kwa kutumia nini?"

"Kichwa yangu."

Nikaanza kumhoji. Kazi ya redio ilikuwa imenifundisha kuuliza mambo madogo, kwa sababu mtu anayedanganya hukwama kwenye mambo madogo. Baba alikuwa akila nini asubuhi? Maharagwe ya jana, na chai bila sukari. Alilala upande gani? Upande wa ukuta. Alikuwa akiimba? Akinyoa ndevu tu, na wimbo haukufika mwisho kwa sababu ya mdomo kujaa sabuni. Mdogo wangu alijibu bila kufikiri, akiendelea kumenya karanga. Maswali ya mwandishi wa habari huulizwa ili kujua. Yangu yaliulizwa kwa matumaini kwamba hatajua.

Miezi michache baadaye baba alifariki hospitalini Kalemie, kwa ugonjwa wa sukari. Simu ilinijia mimi, mtoto wa nyumba ya ndoa, na matanga yakafunguliwa kwangu. Hata katikati ya kilio nililiona jambo hilo, na lilinifariji.

Nyumba yangu ilikuwa ghorofa ya pili, hatua chache kutoka chaussée de Wavre. Tulitoa kitanda, tukatandika magodoro sakafuni kwa ajili ya akina mama, tukaazima viti parokiani. Kwetu, meza ya marehemu huwekwa mahali ambapo kila anayeingia ataiona kwanza: kitambaa cheupe, mshumaa, picha yake. Nilikwenda duka la fotokopi nikaikuza ile picha ya bandarini mpaka ikawa na ukubwa wa dirisha la choo, nikaitilia fremu ya dhahabu. Niliridhika nayo. Mtu yeyote angejua kwamba hii ni nyumba ya ofisa, na mimi ndimi binti yake.

Mdogo wangu alifika Jumapili mchana, nyumba ikiwa imejaa. Alilia mlangoni, akalia begani kwangu, kisha akatoa mkobani kitu kilichofungwa kwa leso.

"Yaya, naweza kumuweka na yeye hapa?"

Mbele ya watu wote wale ningejibu nini? Nikaipokea bila kuiangalia, nikaiweka pembeni kabisa mwa meza, nyuma ya chupa ya chai.

Wa kwanza kuiona alikuwa maman mmoja wa Kalemie, anayeongoza nyimbo parokiani, mwanamke ambaye ulimi wake haupumziki hata msibani. Alisimama kwanza mbele ya picha yangu kubwa, mikono kiunoni.

"Hii ni kofia, maman," akaniambia. "Papa yenyewe iko wapi?"

"Ni picha ya kazini, maman."

"Bon. Kazi tumeiona."

Watu walicheka kidogo, kicheko kile cha matanga kinachojifuta chenyewe. Kisha akasogeza chupa ya chai. Ili kuiona picha ile ndogo ilimbidi ainame, avue miwani, asogeze uso mpaka pumzi yake ikakipiga kioo. Akanyamaza. Huyo alikuwa mtu wa kunyamaza?

"Eh! Njo yeye!" akapiga kelele. "Mukuje muone! Njo yeye muzima! Na iko kwa pembe ya tembo? Ah, tembo wetu walitangulia kufika Bulaya, kumbe walikuwa wanamungojea!"

Wakaja. Wakapanga mstari. Na kwa kuwa picha ilikuwa ndogo, kila mmoja alilazimika kuinama mbele yake, wanaume kwa wanawake, kama wanaomsalimu mkubwa. Waliokuja kwenye fremu yangu waliitupia jicho wakiwa wima na kupita. Mbele ya picha ya mdogo wangu waliinama, wakakaa, wakainuka wakifuta macho. Mtu mmoja, sijui nani, aliusogeza mshumaa karibu nayo ili waone vizuri. Bandari yangu ikaingia gizani, mchana kweupe.

Nilivumilia kwa muda wa nyimbo kadhaa. Halafu nikainuka nikaingia kwenye mstari, nyumbani kwangu mwenyewe, nikasubiri zamu.

Hata leo naweza kuieleza picha ile bila kuiona. Baba hakuwa na kofia. Alikuwa ameelekeza uso kidogo kushoto, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni. Sare yake ilikuwa ni pembe tupu, bila rangi, na kola imechorwa kwa mstari mwembamba kuliko unywele. Mvi zilimwanzia juu ya masikio. Mdomo ulikuwa karibu kusema neno, na neno lile halikuwa "Très bien". Nilimtazama mtu huyu aliyekuwa na pua yangu, na niliona wivu ambao sikuwahi kuuona hata siku zile nikiwa mtoto nikihesabu Jumapili. Mtu huyu sikuwahi kutambulishwa kwake.

Kwa hiyo nikatafuta kosa. Ndiyo kazi niliyoizoea: ukipewa habari nzuri kupita kiasi, tafuta palipolegea. Na nikapaona. Kwenye paji la uso, juu kabisa, rangi ilikuwa hafifu. Kulikuwa na ukanda mwembamba, wa maji ya kunde, uliokata kutoka upande mmoja hadi mwingine, na chini yake ngozi nyeusi ilianza ghafla.

"Hapa rangi ilikuishia," nikasema, kwa sauti iliyofika kwenye magodoro. "Angalia. Umeacha mstari kwenye uso wa papa."

Mdogo wangu aliinamisha macho. Nyuma yangu alisimama tonton mmoja, mzee wa rika la baba, aliyewahi kuhudumu na baba kwenye meli moja, kikombe mkononi.

"Wapi?" akauliza.

"Hapa, tonton. Paji la uso. Hajamaliza."

Tonton akainama, akatazama, akatabasamu kwa upole kabisa.

"Hapana, mutoto wangu. Amemaliza muzuri sana. Hiyo ni alama ya kofia. Sisi wote ba marins, bantu ya meli, tulikuwaka nayo. Jua ya ziwa inachoma uso, chini ya kofia inabaki vile. Papa yako alikuwa nayo kushinda wote. Akitoa kofia tu, unaiona." Akanigeukia. "Umesahau?"

Hakukusudia kunichoma. Alikuwa ameuliza kama mtu anavyomkumbusha mwenzake jina la mtaa. Lakini chumbani mlikuwa na watu wa Kalemie, na watu wa Kalemie walijua baba alivulia kofia nyumba gani. Maman wa nyimbo alianza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Ndipo mdogo wangu akasema, bila kuinua macho:

"Hapana, tonton. Yaya anasema kweli. Mukono yangu iliteleza. Nitaitengeneza."

Tonton akafungua mdomo, akamwangalia, akanywa chai yake.

Tulilelewa hivyo sisi. Mdogo hamwachi mkubwa aanguke mbele za watu. Anajilaza yeye chini ili mkubwa akanyage. Watu wakaanzisha wimbo, mambo yakapita. Mimi nilibaki nimesimama na kikombe cha mtu. Alikuwa na baba, na sasa alikuwa ameibeba hata aibu yangu. Kama angenijibu, ningekuwa na kitu cha kushika.

Baada ya matanga kufungwa akaondoka na picha yake ndani ya leso. Nilirudi kazini. Kwenye ofisi zile, karibu kila meza ina picha: mtoto ufukweni, mume ameshika samaki, mbwa. Nilikuwa na desturi ya kuzinyanyua, kufuta chini yake na kuzirudisha palepale. Katikati ya wiki nilimnyanyua mzee mmoja asiye na nywele, baba wa mtu, akicheka kwenye bustani, kichwa wazi juani, na mkono wangu ukasimama. Nilikumbuka kwamba mdogo wangu, tangu siku ile ya duka la vitenge, hajawahi kuniambia "nitafanya" asifanye.

Alikuwa amenieleza pia kwamba pembe hainywi rangi. Inakaa juu tu. Ukipitisha brashi yenye unyevu, kazi ya wiki inaondoka kwa pumzi moja. Ukiongeza nukta za rangi nyeusi, kilichokuwa chini hakirudi.

Jumamosi asubuhi nilipanda tramu mpaka Forest. Njia nzima nilijiambia kwamba atakuwa darasani, au amechoka, au amesahau. Alinifungulia mlango akiwa na kioo cha kukuzia kimefungwa kichwani kwa mpira. Nyuma yake, kwenye meza ya dirishani, niliona glasi ya maji, kisahani cha rangi ya kahawia, na picha imetolewa kwenye kioo chake, uchi.

"Umeshaigusa?"

"Bado, yaya. Nilikuwa nangoja mwangaza iwe muzuri."

"Iache."

"Lakini ulisema mbele ya bantu..."

"Nilisema kwa sababu sikujua." Nilikaa kabla ya kukaribishwa. "Kwetu hakuivua."

Hakuniuliza kwa nini. Alivua kile kioo, nywele zikasimama upande mmoja.

"Kwenu aliivulia wapi?" nikauliza.

"Kofia?"

"Kofia."

"Kwa mulango," akasema. "Mbele ya kusalimia. Anaitoa, anaiweka kwa kichwa ya mutoto mwenye alikuwa karibu. Mara mingi ni mimi. Inashuka mpaka kwa pua, sioni kitu, nasikia tu harufu. Ndani ilikuwaka na ngozi, imelowana jasho. Natembea nayo vile mpaka kwa meza, nagonga viti, wanacheka." Alicheka mwenyewe. "Na maman alikuwaka anamupangusa pale kwa alama na kidole: 'Muzungu wako anachungulia tena.' Kila siku. Kila siku, yaya, mchezo moja tu."

Nilisikiliza nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Kila siku. Yeye hakujua uzito wa maneno hayo mawili.

Aliichukua picha kwa kingo zake, akanipa kwa mikono miwili.

"Uchukue. Wewe njo mukubwa."

Kwa desturi alikuwa sawa, na wala hakukuwa na mtu chumbani wa kuonyeshwa heshima. Nilikwenda nayo dirishani. Mwanga wa Brussels ni haba, lakini ulitosha: sare yote ikawaka, mabega, kifua, kola, na uso ukabaki mweusi, mzito, umejengwa nukta kwa nukta. Mahali pamoja tu kichwani mwake palipitisha mwanga kidogo. Ule ukanda.

Niliitaka. Sijawahi kutaka kitu hivyo. Niliona mpaka mahali nitakapoiweka, na nikawaona wageni wakiinama, na nikamsikia mmoja akiuliza mstari huu ni wa nini, na mimi nikijibu kwa maneno ya mtu mwingine.

Nikamrudishia.

"Baki naye," nikasema. "Mimi niko na kofia."

Aliniangalia kwanza, kuona kama ameruhusiwa kucheka. Kisha akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kitambaa cha brashi, akajipaka kahawia shavuni. Aliirudisha picha kwenye kioo chake, akamwaga yale maji, akaenda kuchemsha mengine. Chai aliyoniletea haikuwa na sukari. Mimi hunywa tamu. Ilikuwa chungu na nyeusi, na alikuwa ameniwekea bila kuuliza, kama inavyonywewa kwao.

Nikanywa. Wivu ulikuwa palepale. Ulikaa nami kitini.

"Na viatu?" nikauliza. "Viatu aliviacha wapi?"